Boga halihitaji kikombe cha sukari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalohusu kitindamlo cha boga na namna kinavyofundishwa katika kurasa za mapishi, ukiwamo ukurasa wa gazeti hili, ambao ninaufuatilia kwa makini na kwa shukrani. Karibu kila maelezo ninayoyasoma huanza kwa kuchemsha boga katika maji mengi na huishia kwa kikombe kizima cha sukari, wakati mwingine pamoja na kopo la maziwa mazito yenye sukari, kisha chakula hicho huitwa cha afya kwa sababu tu ndani yake mna boga. Ninavyoona mimi, sehemu kubwa ya sukari hiyo hutiwa ili kufunika kasoro iliyoletwa na maji. Mpishi akilikinga boga lisilowe, na akaliondolea sehemu ya maji yake ya asili, atapata kitindamlo kitamu kwa muda wa dakika 30 hivi, bila kuhitaji kijiko hata kimoja cha sukari.

Nianze na hesabu, maana wengi wetu hatuifanyi tunapopika. Chukua nusu kilo ya boga inayotosha watu wanne, uitie kikombe kimoja cha sukari chenye takriban gramu 200. Ukigawanya kwa wanne, kila mmoja anapata gramu 50 za sukari katika bakuli lake dogo. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 unashauri kwamba sukari inayoongezwa katika chakula, pamoja na ile iliyomo katika asali, sharubati na juisi za matunda, isifikie asilimia 10 ya nishati ambayo mtu anaipata kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, viwango hivyo ni gramu 50 na gramu 25. Maana yake ni kwamba bakuli moja la kitindamlo kinachosifiwa kuwa cha afya linamaliza posho yote ya siku nzima, kabla hatujahesabu chai, mkate na soda. Mtoto, ambaye mahitaji yake ya nishati ni madogo, huwa ameivuka mipaka hiyo kabla hajaliona bakuli likiisha. Maziwa mazito ya kopo hayapunguzi tatizo, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Hata anayebadilisha sukari kwa asali akidhani amejiokoa, kwa hesabu hii amebaki palepale.

Sasa tulitazame boga lenyewe. Boga bichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake, na gramu 100 zake zina takriban kilokalori 26 tu na gramu 6 au 7 za wanga. Vipande vyake vikitumbukizwa katika sufuria ya maji yanayochemka, hupoteza sehemu ya sukari yao ya asili, potasiamu na vitamini C, ambazo zote huyeyuka na kuingia katika maji. Na wakati huohuo vyenyewe hulowa. Mpishi anapoyamwaga maji yale amemwaga utamu, na kilichobaki ni rojo jepesi ambalo haliwezi kusimama kwenye bakuli bila kuongezwa unga wala kupendeza mdomoni bila kuongezwa sukari. Hapo ndipo kikombe cha sukari kinapoingia, na mlaji huondoka akiamini kwamba boga ni chakula kisicho na ladha yake.

Njia inayofaa ni mvuke, na ningependa kuieleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo kitindamlo kinapofanikiwa au kuharibika. Liosheni boga vizuri, mlikate, mkwangue mbegu na nyuzi za ndani kwa kijiko, kisha mkate vipande vyenye unene wa sentimita 2 hadi 3 bila kumenya ganda. Wapishi wengi huacha kabisa kupika boga siku za kazi kwa sababu ya ganda hili, ambalo likiwa bichi ni gumu na huhatarisha vidole. Kulimenya bado bichi ni kazi isiyo ya lazima. Likishaiva, ganda huachana na nyama kwa kukwangua kwa kijiko tu, na kazi ambayo ingechukua robo saa kwa kisu humalizika kwa dakika mbili. Kwa ule mkato wa kwanza, ambao hauepukiki, wekeni kitambaa chenye unyevu chini ya ubao ili usiteleze, na boga likishapasuka mlilaze upande wake bapa ndipo mwendelee kukata.

Vipande hivyo vipangwe juu ya chujio la chuma au wavu unaokaa ndani ya sufuria, chini yake yakiwepo maji ya kina cha vidole viwili yasiyoligusa boga, na sufuria ifunikwe vizuri. Tangu maji yaanze kuchemka, dakika 12 hadi 15 hutosha. Boga limeiva pale uma unapoingia wenyewe bila kusukumwa; likiwa bado gumu katikati, afadhali kuliongezea dakika tatu kuliko kulazimika kulipondaponda kwa nguvu baadaye. Mwenye oveni anaweza kuvioka vipande katika joto la nyuzi 200 kwa dakika 25 hadi 30, na kwa kweli ladha yake huwa nzito zaidi, kwa sababu joto kavu huondoa maji na kuzikausha kingo hadi zikawa za hudhurungi. Kwa mtu mwenye haraka, hata hivyo, mvuke unatosha, mradi hatua inayofuata isirukwe.

Hatua yenyewe ni kulikausha boga baada ya kuiva, na ni nadra kuiona katika maelezo ya mapishi. Kwangueni nyama ya boga na kuiweka katika kikaango kipana kisicho na maji wala mafuta, iwekwe juu ya moto wa wastani, ipondwe kwa mwiko na kugeuzwa kwa dakika tano hivi. Mvuke utakaopanda ni maji ambayo yangelainisha kitindamlo na kuififisha ladha. Dalili ya kutosha ni pale mwiko unapopita chini ya kikaango na kuacha njia ambayo haijifungi papo hapo. Nusu kilo ya boga itakuwa imepungua hadi gramu 400 au chini kidogo, rangi itakuwa imekolea, na mtu akionja wakati huo, kabla ya kutia kitu chochote, atatambua utamu ambao hakuujua. Ni utamu wa upole, hilo nakiri, na haufanani na utamu wa keki. Lakini ni utamu kamili unaohitaji kusaidiwa kidogo tu.

Msaada wenyewe unaandaliwa wakati boga likiwa kwenye mvuke. Loweka tende tano ndogo zilizotolewa kokwa katika maji ya moto kidogo sana, yanayozifunika tu, na baada ya dakika 10 ziponde kwa uma hadi ziwe laini. Changanya na boga lililokaushwa, tia nusu kijiko cha chai cha mdalasini wa unga, robo kijiko cha iliki iliyosagwa, chumvi kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili, na kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu. Boga likishapoa kidogo, koroga ndani yake gramu 200 za mtindi mzito usiotiwa sukari. Mtindi usitiwe boga likiwa bado kwenye moto, kwani utakatika na kuachia maji, na kazi yote ya kukausha itakuwa bure. Mtindi ukiwa mwepesi, uache uchuje katika kitambaa safi mapema. Asiyetumia maziwa anaweza kutia tui zito la nazi kwa kiasi kidogo, vijiko vinne au vitano vya chakula, akikumbuka kwamba mafuta yake ni ya aina isiyofaa kuzidishwa.

Tende nazo si ruhusa ya kula bila kipimo. Takriban theluthi mbili ya uzito wa tende iliyokauka ni sukari, ingawa zina nyuzinyuzi na madini ambayo sukari nyeupe haina. Tende tano ndogo zenye uzito wa gramu 40 hivi zinaleta gramu zipatazo 26 za sukari katika chakula cha watu wanne, yaani gramu 6 au 7 kwa kila mmoja, badala ya zile 50 nilizozitaja mwanzoni. Tofauti hiyo ndiyo ninayoipigania. Anayependa utamu zaidi aongeze tende moja, na baada ya kula hivyo mara kadhaa huenda akagundua kwamba haihitaji tena, kwa sababu ulimi huzoea kile unacholishwa.

Viungo nilivyovitaja havikuwekwa kwa mapambo. Harufu ya mdalasini na iliki huufanya ubongo usome utamu mwingi kuliko uliopo. Chumvi kidogo huzima uchungu mdogo uliomo katika mboga na kuuacha utamu wazi. Na tone la ndimu huondoa ile hali ya kukinaisha ambayo watu wengi huilalamikia katika chakula cha boga. Kuna jambo lingine ambalo waandishi wa mapishi hawalisemi: baridi hupunguza utamu ulimini. Kitindamlo kilichotoka moja kwa moja katika jokofu huonekana kimepungukiwa na sukari, na mpishi hukiongezea, wakati kilekile kikiachwa mezani kwa dakika 20 kingekuwa kimetosha. Kwa hiyo nashauri kiliwe kikiwa na uvuguvugu au kikiwa kimepoa kwa kawaida, na atakayekipenda cha baridi akionje baada ya kupoa, si kabla.

Uchaguzi wa boga nao unaamua mengi. Lililokomaa lina kikonyo kikavu, ganda lake haliingii ukucha, na ukilishika ni zito kuliko linavyoonekana kwa macho. Lililokaa wiki kadhaa baada ya kuvunwa, mahali pakavu penye hewa, mara nyingi ni tamu kuliko lililochumwa jana, kwa kuwa wanga wake huendelea kugeuka sukari likiwa limehifadhiwa. Nyama yenye rangi ya chungwa iliyokolea hupendelewa, na sababu yake nitaieleza hivi punde. Jambo moja la usalama lisipuuzwe: kabla ya kupika, onja kipande kidogo sana cha boga bichi, na likiwa chungu litupwe lote. Uchungu huo unatokana na kemikali za asili ziitwazo kukurbitasini, ambazo haziondoki kwa kupikwa na zinaweza kusababisha maumivu makali ya tumbo, kutapika na kuharisha. Si jambo la kawaida kwa maboga yanayolimwa kwa ajili ya chakula, ila hutokea, hasa kwa yaliyoota yenyewe au yaliyopandwa kwa mbegu zilizochanganyika.

Rangi ya chungwa ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, vitamini inayohitajika kwa macho, ngozi na kinga ya mwili. Shirika la Afya Duniani linautaja upungufu wa vitamini hiyo kuwa chanzo kikuu cha upofu wa watoto kinachoweza kuzuilika, na boga ni miongoni mwa vyakula vya mimea vyenye karotini kwa wingi. Sharti lake ni moja: karotini huyeyuka katika mafuta, na bila mafuta kidogo katika mlo huohuo sehemu yake kubwa hupita tumboni bila kufyonzwa. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaoshauri mtindi usio na mafuta kabisa kwa kitindamlo hiki. Mafuta ya asili yaliyomo katika mtindi, pamoja na mbegu za boga za kunyunyizia juu, yanatosha; siagi haihitajiki. Kupika na kuponda nako kunasaidia, kwa kuwa kuta za chembe za boga hupasuka na kuiachia karotini.

Mbegu hizo, ambazo nimeona zikitupwa pamoja na nyuzi zake, ni chakula chenye thamani kubwa: karibu theluthi moja ya uzito wa kiini chake ni protini, na zina magnesi, zinki na chuma. Zikioshwa na kukaushwa vizuri kwa kitambaa, hukaangwa bila mafuta kwa moto mdogo, huku zikigeuzwa, hadi zianze kupasukapasuka na kunukia. Vijiko viwili vya chakula vinatosha bakuli nne. Kwa watoto wadogo zisagwe kwanza, kwa sababu mbegu nzima inaweza kumkaba mtoto. Na kwa kuwa nimetaja watoto, aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata iliyochanganywa katika chakula, kutokana na hatari ya vimelea vinavyosababisha ugonjwa wa botulizimu. Mtoto mchanga aliyeanza kula anaweza kupewa boga lilelile lililopondwa, kabla ya kutiwa chumvi na viungo.

Wapo wasomaji wenye kisukari, au wanaowapikia wagonjwa wa kisukari, ambao wamesikia kwamba boga hupandisha sukari ya damu kwa kasi na kwa hiyo wameliondoa mezani. Ni kweli kwamba baadhi ya vipimo vimeliweka boga katika kundi la vyakula vya kasi. Lakini vipimo hivyo kwa kawaida hufanywa kwa kumlisha mtu kiasi cha chakula chenye gramu 50 za wanga, na kwa boga kiasi hicho kinakaribia kilo moja, ambayo hakuna anayeila kwa mlo mmoja. Gramu 100 za boga zina wanga kidogo mno kulinganisha na uzito uleule wa mkate au wali. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, mashaka yaelekezwe kwenye tende na kwenye kikombe cha sukari: tende apunguze au aziache, ahesabu wanga wa bakuli lake lote kama alivyoelekezwa na wahudumu wake wa afya, na utamu autafute katika mdalasini, iliki na boga lililokauka vizuri.

Wenye haraka zaidi ya hiyo huuliza kuhusu boga la kopo. Linafaa, na hupunguza kazi hadi dakika 10, lakini kibandiko kisomwe, maana liko la boga tupu na liko lililokwisha kutiwa sukari na viungo, na makopo yake hufanana. Hata lile tupu likaushwe kwenye kikaango. Njia ambayo naipenda kuliko kopo ni kupika boga zima siku moja ya mapumziko, kulikausha, na kuligandisha katika friza kwa mafungu ya gramu 400, ambapo hukaa miezi kadhaa bila kupoteza ladha. Katika jokofu la kawaida, lihifadhiwe kwa siku tatu au nne tu. Siku ya kazi kinachobaki ni kuyeyusha fungu moja, kulipasha na kukoroga mtindi.

Kuna wanaolitaka boga liwe laini na lililoshikana kama kastadi, kwa kuchanganya mayai mawili na maziwa na kulioka katika vikombe vilivyosimamishwa ndani ya maji ya moto. Ni chakula kizuri, ila huchukua muda karibu mara mbili, kwa hiyo sikihesabu miongoni mwa vya haraka. Kwa upande mwingine, boga lililokaushwa, likasagwa katika blenda pamoja na ndizi moja mbivu iliyogandishwa, hutoa kitu kinachokaribia aiskrimu bila kusubiri.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwako ni dogo na linatekelezeka. Kila mara ukurasa wa mapishi unapochapisha kitindamlo chochote, cha boga au cha kitu kingine, pembeni yake iandikwe idadi ya walaji na gramu za sukari anazopata kila mmoja, kama vile inavyoandikwa sasa idadi ya vikombe na vijiko. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu: ni sukari yote iliyotiwa, ikigawanywa kwa idadi ya mabakuli. Na pale ambapo maelezo yanaagiza boga lichemshwe, naomba mwandishi wake alijaribu kwanza kwa mvuke na kikaango kikavu, kisha aonje kabla hajaandika kiasi cha sukari.

Wako katika ujenzi wa afya,
Msomaji wa ukurasa wa mapishi